Kubomoa Nyumba Nako ni Ufundi: Mjue Mkandarasi Wako Kabla ya Nyundo ya Kwanza

Ndugu msomaji, neno "bomoabomoa" limezoeleka mno masikioni mwa wakazi wa mijini. Likitajwa, wengi wetu hukumbuka alama ya X iliyopakwa ukutani kwa rangi nyekundu, tingatinga linalonguruma, na watu wanaotoa vitanda nje kwa haraka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017, nyumba nyingi zilipobomolewa kandokando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, ili kupisha upanuzi wa barabara. Lakini katika makala haya hatuzungumzii nyumba inayobomolewa kwa amri. Tunazungumzia nyumba inayobomolewa kwa hiari ya mwenyewe: nyumba kuukuu ya baba au ya babu, ambayo familia imekaa kikao na kukata shauri kwamba ishuke, ili mahali pake isimame nyingine.

Jambo hili linatokea kila siku Ilala, Temeke, Magomeni, Kariakoo na katika miji mingine ya nchi yetu. Nyumba za vyumba sita, zenye korido katikati na ua nyuma, zilizojengwa wakati kiwanja kilikuwa rahisi na bati lilikuwa fahari, sasa zimechoka. Kuta zimepasuka, kenchi zimeliwa na mchwa, na watoto waliozaliwa humo wamekuwa watu wazima wenye familia zao. Familia ikijinyima na kudunduliza, hufika siku ikasema: sasa tujenge upya.

Hapo ndipo kosa linapoanza. Katika kujenga, familia hutafuta mchoraji wa ramani, huuliza bei ya saruji, humchagua fundi kwa makini na kumwuliza amejenga wapi. Lakini katika kubomoa, aghalabu hakuna anayeuliza lolote. Vijana wanne au watano huitwa kutoka kijiweni, hupewa nyundo, sururu na mitalimbo, na kuambiwa, "Angusheni." Watu husema kwamba kubomoa hakuhitaji elimu, kwani hata mvua hubomoa. Naam, mvua hubomoa. Lakini mvua haichagui ukuta uangukie upande gani, wala haijali nani amesimama chini yake.

UZITO USIOONEKANA

Maadamu nyumba imesimama, uzito wake hatuuoni. Tunaegemea ukuta, tunapigilia misumari ya kuning'inizia picha, tunalala chini ya paa bila kuwaza. Kumbe kila kipande cha nyumba kinabeba kingine. Paa limekaa juu ya kenchi, kenchi juu ya lenta, lenta juu ya ukuta, ukuta juu ya msingi. Kila kimoja kinatulia kwa sababu kingine kipo. Mtu akiondoa kimoja bila kujua kinabeba nini, vilivyobaki haviwezi kungoja apate kujua.

Tupige hesabu ndogo. Ukuta wa matofali ya saruji unaotenganisha vyumba viwili, wenye urefu wa mita 4, kimo cha mita 2.5 na unene wa sentimita 15, una uzito wa karibu tani tatu. Zege nalo ni zito zaidi. Mita moja ya ujazo huwa na kilo zipatazo 2,400. Chumba cha mita 4 kwa 4 kilichofunikwa kwa zege lenye unene wa sentimita 10 kina karibu tani nne juu ya vichwa vya watu. Uzito huo ukishuka, kofia ngumu haisaidii kitu. Kinachosaidia ni kutokuwapo chini yake, na kutokuwapo chini yake hutokana na mtu aliyepanga kazi.

Taifa letu limekwisha kuonja uchungu wa majengo kuanguka. Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu zaidi ya 30. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib huko Unguja, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likifanyiwa matengenezo, na watu wawili wakapoteza maisha. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa nne lilianguka Kariakoo asubuhi, wakati wa pilika za biashara, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Hakuna hata jengo moja kati ya hayo lililokuwa likibomolewa. Lakini yote matatu yanatufundisha kwamba jengo likishindwa kujibeba halitoi nafasi ya kukimbia. Basi, kama ni hivyo kwa jengo ambalo watu walitaka lisimame, itakuwaje kwa nyumba ambayo watu wenyewe wanaipunguza nguvu, tofali kwa tofali?

KWANZA MALIZENI YA NYUMBANI

Kabla ya kumtafuta mkandarasi, familia imalize mambo yake yenyewe. Nyumba ikishaanguka hairudi, na ugomvi wa ndugu juu ya nyumba iliyokwisha kubomolewa huwa mrefu kuliko ule wa nyumba iliyosimama.

Kama nyumba ni ya urithi, hakikisheni kwamba yupo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na kwamba warithi wote, pamoja na dada walioolewa mbali na wale walio mikoani, wanajua na wamekubali kwa maandishi. Kama ni nyumba ya mume na mke, wakubaliane wote wawili. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Basi busara hiyo hiyo na itumike katika kubomoa, kwani nyumba iliyobomolewa imekwenda zaidi ya ile iliyowekwa rehani. Kama kuna mkopo wa benki juu ya nyumba hiyo, benki iambiwe. Kama kuna wapangaji, wapewe taarifa na muda wa kutosha wa kutafuta pa kwenda. Si utu mpangaji kuamshwa na nyundo.

Halafu nendeni katika ofisi ya halmashauri yenu, kwenye idara inayoshughulikia vibali vya ujenzi, mkaulize kuhusu kibali cha kubomoa na kile cha kujenga. Ombeni vyote mapema. Familia nyingi hubomoa kwanza, kisha ndipo huambiwa kwamba ramani ya nyumba mpya haikubaliki. Wakabaki na kiwanja kitupu na kodi ya nyumba ya kupanga. Na kama nyumba ipo katika eneo la kale, kama Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2000, au Bagamoyo, ulizeni kwanza katika mamlaka za mambo ya kale. Huko si kila nyumba iliyo yako unaweza kuigusa upendavyo.

NANI MKANDARASI, NANI KIBARUA

Tofauti kati ya mkandarasi na mtu mwenye nyundo haimo katika mavazi wala katika maneno matamu. Imo katika dhamana. Mkandarasi ni yule anayeweza kuulizwa kesho.

Katika nchi yetu, makandarasi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, chini ya Sheria namba 17 ya mwaka 1997. Bodi huwapanga kwa aina za kazi na kwa madaraja. Makandarasi wa majengo wana madaraja saba. La kwanza ndilo la wenye uwezo wa kazi kubwa, na la saba ni la kazi ndogo. Mwenye kutaka kubomoa nyumba ya vyumba sita hana haja ya kumwendea mkandarasi wa daraja la kwanza. Huyo wa daraja la chini aliye jirani, anayejulikana mtaani na aliyesajiliwa, anaweza kukufaa vizuri zaidi, kwani hata kazi ikiisha mtaendelea kuonana sokoni na misibani. Jina lake katika mtaa ni rehani yake.

Mwombe akuonyeshe cheti chake cha usajili, na hakikisha kwamba ni cha aina ya kazi unayotaka na kwamba hakijapitwa na wakati. Usione haya kwenda au kupiga simu Bodi kuuliza kama jina hilo lipo. Mkandarasi wa kweli hachukii kuulizwa. Anayechukia amekwisha kukujibu.

Mwulize pia kuhusu wafanyakazi wake. Kuna Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, ambao husimamia Sheria namba 5 ya mwaka 2003, na mahali panapobomolewa nyumba ni mahali pa kazi kama kiwanda. Kuna pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mwajiri huuchangia ili mfanyakazi akiumia, au akifa kazini, yeye au wategemezi wake walipwe. Mwulize mkandarasi: umejisajili huko? Nionyeshe.

Huenda msomaji akasema, "Hayo ni ya mkandarasi, mimi yananihusu nini?" Yanakuhusu sana. Ukiwachukua vijana wa kijiweni wewe mwenyewe, bila mkandarasi, wewe ndiwe mwajiri. Kijana akivunjika mgongo katika kiwanja chako, mama yake atakuja mlangoni kwako, wala hatakuwa amekosea mlango. Vijana hao nao ni watoto wa watu. Wengi wao wana wake na wachanga wanaongoja unga wa jioni. Hakuna nyumba mpya iliyo nzuri kiasi cha kujengwa juu ya habari ya kijana aliyefia hapo.

MWITE AJE AONE, NAWE MSIKILIZE

Usikubali bei ya simu. Mkandarasi anayetaja bei kabla ya kuiona nyumba anauza asichokijua. Waite watatu kwa nyakati tofauti, watembee nawe chumba hadi chumba, kisha kila mmoja akuletee maandishi.

Wakiwa nyumbani kwako, tazama wanatazama nini. Asiyejua kazi hutazama mabati, milango na madirisha, yaani vitu vya kuuza. Anayejua kazi hutazama ukuta unaopakana na jirani. Hutazama nyaya za umeme zinapoingilia. Huuliza shimo la choo liko wapi, na kama kuna shimo la zamani lililofukiwa. Hugonga ukuta asikie kama ni tofali au ni udongo na fito zilizopigwa lipu. Huuliza lori litapita wapi. Mashimo ya zamani, hasa, ni hatari ambayo wenyeji huisahau. Kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinaweza kutumbukia na dereva wake.

Kisha mwulize swali moja: "Utaanza wapi, na utamalizia wapi?" Jibu lake ndilo mtihani. Nyumba hubomolewa kinyume cha ilivyojengwa. Kwanza hukatwa umeme na maji. Umeme hukatwa na mafundi wa TANESCO wenyewe, wala si kwa koleo la mtu yeyote, na mita huondolewa. Maji hufungwa na mamlaka ya maji, ambayo kwa Dar es Salaam ni DAWASA. Shimo la choo hunyonywa. Kiwanja huzungushiwa uzio wa mabati. Ndipo hutolewa milango, madirisha na dari. Hufuata mabati, kisha kenchi na mbao, kisha lenta, kisha kuta kutoka juu kwenda chini, kwa tabaka, na mwisho sakafu na msingi.

Akikuambia kwamba ataanza kwa kuchimba chini ya ukuta ili "ujiangukie wenyewe", mshukuru kwa kuja na umsindikize mpaka barabarani. Ukuta uliochimbwa chini huua wachimbaji wake. Na akikuambia kwamba ataleta kijiko kimalize kwa nusu siku, mwulize kijiko kitasimama wapi na jirani yuko umbali gani. Kijiko ni chombo kizuri palipo na nafasi. Katika mitaa yetu, ambako nyumba na nyumba zinakaribia kugusana, kazi ya mkono iliyopangwa vizuri mara nyingi ndiyo iliyo salama.

BEI YA "BURE"

Kuna mtu atakayekuja na kukuambia, "Mimi sitaki hela yako. Nitabomoa bure, nipe tu mabati, mbao na vyuma." Familia iliyochoshwa na gharama husikia neno hilo kama muziki. Lakini hebu tulitafakari.

Mtu anayelipwa kwa mabati, mbao na nondo atafanya kazi ya kutoa mabati, mbao na nondo. Akishavipata, amekwisha kulipwa. Kilichobaki ni kifusi, na kifusi hakina mnunuzi. Vilevile atakuwa na haraka ya kuchomoa nondo katika lenta na nguzo wakati kuta zingali zimesimama, kwa kuwa nondo ndiyo mshahara wake. Si kwamba ni mtu mbaya. Mapatano yenyewe ndiyo yanayomsukuma kufanya vibaya.

Na hicho kifusi ni kiasi gani? Tuichukue nyumba ya vyumba sita yenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 12. Ukizijumlisha kuta za nje, za korido na za kutenganisha vyumba, utapata urefu wa mita zipatazo 84. Kwa kimo cha mita 2.5, toa milango na madirisha, zitabaki mita za mraba kama 180 za ukuta, yaani zaidi ya tani 50. Kwa lori la tani 7, hizo ni safari nane. Ongeza sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10, nayo ni safari nne nyingine. Msingi bado. Sasa waweza kuona kwamba gharama kubwa ya kubomoa haimo katika nyundo. Imo katika magurudumu. Yule wa "bure" amekuachia safari 12 za lori.

Kwa hiyo, unapolinganisha bei za makandarasi watatu, usitazame jumla peke yake. Tazama kama kila mmoja amehesabu kuondoa kifusi, idadi ya safari, na mahali atakapokimwaga. Mahali hapo pawe panaporuhusiwa na halmashauri, siyo katika mfereji wa mtaa wala kandokando ya Mto Msimbazi. Wakazi wa Jangwani wanajua maji ya masika hufanya nini yakikosa njia. Sehemu ya kifusi safi cha matofali yaweza kubaki ili kujazia msingi mpya, lakini mwulize kwanza fundi atakayejenga kama kinafaa. Kisichanganywe na mbao, nguo wala takataka, kwani vitu hivyo huoza na sakafu ikatitia.

Na vile vitu vya thamani je? Milango ya mvule au mninga, mabati yaliyo mazima, mbao zisizoliwa, nyaya za shaba: viorodheshwe kabla ya kazi kuanza, na iandikwe ni vya nani. Mkandarasi akivitaka, bei yake ipunguzwe kwenye malipo, mbele ya macho ya wote. Hapo hakuna "bure", kuna hesabu.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mapatano ya kubomoa yaandikwe, hata kama mkandarasi ni shemeji yako. Na hasa akiwa shemeji yako. Karatasi mbili zatosha, lakini zitaje haya:

Kwanza, majina ya pande zote mbili, namba ya usajili wa mkandarasi, na kiwanja chenyewe. Pili, kitakachobomolewa na kitakachobaki, kama vile kisima, mwembe au ukuta wa uani. Tatu, siku ya kuanza, siku ya kumaliza, na saa za kazi. Nne, nani atashughulikia vibali na kukatisha umeme na maji. Tano, vitu vya thamani ni vya nani. Sita, kifusi kitaondolewa na nani na kupelekwa wapi. Saba, kwamba usalama wa wafanyakazi na fidia yao ni juu ya mkandarasi, na kwamba hakuna mtoto atakayeajiriwa. Nane, nani atalipa mali ya jirani ikiharibika. Tisa, malipo.

Malipo yagawanywe kwa hatua: kiasi kidogo wakati wa kuanza, kingine paa likishashuka, kingine kuta zikishalala, na sehemu nzuri ibaki mpaka kiwanja kiwe kimesafishwa. Ukishalipa yote, nguvu yako imekwisha; utabaki kupiga simu isiyopokelewa. Kila malipo yawe na stakabadhi yenye sahihi, na mashahidi wawepo kutoka kila upande.

JIRANI ASISAHAULIWE

Siku chache kabla ya kazi kuanza, mwenye nyumba na mkandarasi waende kwa jirani wa kila upande, wabishe hodi, waeleze. Kisha, kwa ruhusa yake, wapige picha za kuta zake, ndani na nje, zikionyesha kila ufa uliokuwapo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe akishuhudia, itakuwa vizuri zaidi. Picha hizo humlinda jirani, maana ufa mpya utaonekana. Na humlinda mwenye nyumba, maana ufa wa miaka 20 hautageuzwa kuwa wa jana.

Kama ukuta ni wa ubia, yaani mmoja unaotumiwa na nyumba mbili, simamisheni kila kitu mpaka mhandisi autazame. Huenda paa la jirani limeshikwa na ukuta huo ambao wewe unauita wako. Ukiuondoa, unabomoa nyumba mbili kwa kibali cha moja.

Mweleze jirani pia siku za vumbi, ili aanue nguo, afunike maji ya kunywa, na ampeleke mgonjwa wa pumu au mtoto mchanga kwa ndugu. Mkandarasi mwema humwagia kifusi maji wakati wa kazi ili vumbi lisipae, na huwapa watu wake barakoa. Vumbi la mawe na saruji likizoea mapafu ya mtu kwa miaka, humletea ugonjwa usiopona.

BATI LA KIJIVU LENYE SUMU

Katika baadhi ya nyumba za zamani, hasa zile za kota na za taasisi, paa si la bati la chuma bali ni la asbesto. Utalitambua kwa rangi yake ya kijivu, unene wake na mawimbi mapana. Likipigwa halibonyei, hupasuka kama kigae. Vipande vyake vikivunjwa, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho, nazo zikivutwa hukaa mapafuni. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba asbesto za aina zote husababisha saratani. Ubaya wake hauonekani leo wala kesho. Ugonjwa waweza kutokea baada ya miongo mitatu, wakati hata nyumba yenyewe imekwisha kusahauliwa.

Kwa hiyo, ukilishuku paa, lisiguswe mpaka halmashauri na wataalamu wa mazingira waulizwe. Halivunjwi kwa nyundo, halikatwi kwa msumeno, halitupwi kutoka juu. Huloweshwa maji, hufunguliwa zimazima, hushushwa polepole, hufungwa ndani ya nailoni nzito na kuzikwa mahali palipotengwa. Wala vipande vyake visigawiwe kwa majirani wafunike mabanda ya kuku. Huo si ukarimu.

SIKU YA KAZI

Siku ya kazi, familia isiwepo ndani ya kiwanja. Mmoja wenu, mtu mzima, akae nje ya uzio akiangalia. Kusiwe na mtoto anayeokota misumari, wala mama anayerudi "mara moja tu" kuchukua kinu alichokisahau. Jioni, kazi isiachwe na ukuta uliosimama peke yake bila cha kuushika. Ukuta wa namna hiyo huangushwa na upepo wa usiku, na watoto wa mtaa huamka mapema kuliko mafundi.

Ukiona mtu anafanya kazi chini wakati mwingine anabomoa juu yake, sema isimame. Ukiona mvua kubwa imenyesha juu ya kuta za udongo zilizofunuliwa, sema isimame. Ukiona ufa mpya kwa jirani, sema isimame, umwite mkandarasi na jirani watazame pamoja. Usiogope kuambiwa kwamba wewe si fundi. Kiwanja ni chako, na fedha ni zako.

Ndugu msomaji, familia nyingi za wafanyakazi hujenga mara moja tu katika maisha yao. Hujenga kwa mkopo wa kazini, kwa kiinua mgongo, kwa mchango wa watoto. Nyumba hiyo inastahili kuanza vizuri, na kuanza kwake si siku ya kuchimba msingi, bali ni siku ya kushusha ile ya zamani. Kama wiki hii kuna kikao cha familia yenu juu ya jambo hili, kisiishe kabla ya kuamua nani atakwenda halmashauri, nani atakwenda kuuliza Bodi ya Makandarasi, na nani atabisha hodi kwa jirani.